Risala kwa Mzee Evasio Juu ya Mrija wa Kioo

Mgeni rasmi, Mzee Evasio Bersezio, Dada Clelia, binti yake, mheshimiwa padri, na ndugu wavunaji mlioketi,

Awali ya yote tunakukaribisha mezani kwako. Tunajua si kawaida mtu kuwa mgeni rasmi nyumbani kwake, lakini tulikaa kikao tukaona yapo mambo ambayo tajiri haambiwi, ila mgeni rasmi husomewa. Tafadhali endelea kula.

HISTORIA YETU

Sisi ni wafanyakazi kumi na mmoja. Secondo, fundi wa mapipa, alianza kazi marehemu baba yako akiwa hai. Nyumba hii haijawahi kutoa mvinyo mweupe, na aliyewahi kuupendekeza alikuwa mkweo wa zamani, ambaye hatumtaji. Wetu ni mwekundu, wa zabibu za nebbiolo. Hulala kwenye mapipa ya mwaloni miaka mitatu, kisha mkuu wa familia huuvuta kwa mrija wa kioo, akaunusa, akauonja na kusema, "Umeiva." Akishatamka, pipa hutiwa alama ya chaki na hakuna wa kubisha. Babu yako alifanya hivyo, nawe unafanya hivyo.

MAFANIKIO

Mvinyo wetu husifiwa hadi Torino kila mwaka, ukiacha mwaka juzi. Mwaka juzi nao ulikuwa na faida yake: tangu hapo hakuna nyumba kijijini iliyonunua siki. Mafanikio hayo yalitokana na pipa la nne. Utakumbuka ulilionja ukasema, "Umeiva, unanukia waridi." Wiki hiyo Dada Clelia alikuwa amelazwa, amepasuliwa kidole tumbo. Mnunuzi alirudisha chupa zote isipokuwa moja, ambayo alisema itamfaa kwa saladi.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo ni pua.

Miaka minne iliyopita, wakati wa baridi, uliugua mafua makali. Ulipopona, vitunguu saumu viliungua jikoni mpaka jirani akaja mbio na ndoo, nawe uko hatua tatu tu kutoka hapo, unasoma gazeti. Ulimwuliza, "Ndoo ya nini?" Sisi tulifungua madirisha tukanyamaza. Pua ikifa, ulimi hubahatisha.

Tangu siku hiyo, ukishaonja na kwenda kupumzika, Dada Clelia hushuka ghalani kuonja upya. Asipokubaliana nawe, Secondo hufuta chaki yako na kuweka alama panapostahili. Tunaungama haya mbele ya padri, ambaye alishajua.

Sasa Clelia amechoka kuonja kwa kujificha. Jirani wa kilima cha pili amemwita akawe mwonjaji mkuu, kwa jina lake mwenyewe. Siku ya Mtakatifu Martino, ambayo kwetu ndiyo ya watu kuhama, imebaki wiki tatu, na vitabu vyake vimo kwenye makasha. Tulimwuliza mbona hasemi nawe. Akatujibu, "Mimi nimwambie baba yangu hana pua? Semeni nyinyi, mko wengi."

Mgeni rasmi, tunaogopa. Akiondoka, wa kuonja atabaki Secondo, naye anavuta kiko.

MAOMBI

Tuliandika maombi manne. Tumefuta matatu, likiwemo lile la choo cha shambani. Tunaomba umpe Dada Clelia mrija, mchana, watu wakiona.

Tunaamini unajua. Siku hizi ukishanusa glasi, kabla hujatamka neno, unamtazama yeye kwanza. Hatukuoni mdogo kwa hilo. Tunakupenda, na ndiyo maana tumefuta chaki miaka minne bila kutoa sauti.

Kama kusema ni kuzito, usiseme. Mrija umeegemea kiti chako kama kawaida. Uulaze tu kando ya sahani yake. Sisi sote tutakuwa tunaangalia dirishani, hata Secondo, ambaye dirisha liko nyuma yake.

Mungu akujalie umri mrefu, akurudishie pua yako. Na asipoirudisha, akuachie binti yako.

Ni sisi wafuta chaki wako,
Wafanyakazi wa Ghala la Bersezio.

Imesomwa na Delfina Rabino, mbandika lebo.