Choki Isiyo na Waya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako, Ndugu Mkurugenzi wa Mamlaka yetu ya Maji, wakuu wa idara, wageni waalikwa, madereva na mafundi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wenye tai, wanangu na wajukuu zangu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa salamu yangu mara mbili.

Karani wa utumishi ameniandalia hotuba ya kurasa mbili, imechapwa ikachapika. Inasema nimeitumikia karakana hii miaka thelathini na mmoja, na kwamba leo nastaafu nikiwa na furaha tele. Nimeisoma jana kwa miwani yangu. Miaka ni kweli. Furaha sijui aliiona wapi. Basi, mwanangu karani, usinune, karatasi yako nimeiacha kwenye mkoba, na nitakayosema nayasema kwa mdomo wangu huu huu ulionyamaza siku ulipotakiwa kusema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hatujaingia ukumbini ulisimamishwa pale uwanjani mbele ya pikipiki ya magurudumu manne, ile nyekundu, ambayo madereva wetu wanaiita Miguu Minne. Ukaelezwa kuwa ndiyo iliyotuletea tuzo ya ubunifu. Kwamba zamani ilitumia kabureta kama pikipiki yoyote ya rika lake, na sasa petroli inapulizwa na injekta inayoamriwa na kompyuta ndogo iliyotengenezwa hapa hapa kwetu. Yote hayo ni kweli. Kisha Ndugu Mkurugenzi, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye cheti cha tuzo kama mbunifu mkuu, akashika kishikio cheusi kando ya usukani, akakivuta, akasema: "Hii ni choki, Mheshimiwa. Hapa ndipo nilipopata shida zaidi. Injini ikiwa baridi, ukiivuta inaongeza mafuta." Ukaitikia kwa kichwa, wapiga picha wakapiga picha. Je, uliwaona mafundi wangu nyuma yako? Wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Mmoja alikohoa mpaka akaondoka. Nitakuambia kicheko walichokuwa wakikizuia kilitoka wapi, ila itabidi nianzie mlimani.

Tangi kubwa la mji huu liko juu ya mlima, na kila asubuhi lazima mtu apande na madebe ya dawa ya kusafishia maji. Gari halifiki, kuna njia ya mawe tu, ndiyo maana tulinunuliwa Miguu Minne. Sasa kabureta, kwa msioijua, ndani yake ina kibakuli cha petroli chenye boya. Mashine ikilala sana kwenye mwinuko, boya linapotea hesabu, petroli inafurika, injini inakabwa na kuzima. Tuliandika barua, mara nne. Tukajibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi.

Lilipokuwa likifanyiwa kazi, Miguu Minne ikazima kwenye kona ya juu, ikarudi nyuma na madebe yake yote, ikamlalia mguu dereva wetu tunayemwita Breki. Mguu ulivunjika mahali pawili. Yuko pale mlangoni na fimbo yake. Pole, kaka. Na unajua ripoti ya ofisi ilisemaje, Mheshimiwa? Uzembe wa dereva. Mtu aliyepanda mlima ule miaka tisa bila kumwaga hata kikombe cha dawa, eti mzembe!

Karakana ilikuwa na fundi umeme mmoja, baba wa watoto wawili, mwembamba hata tulikuwa tunamwita Sindano. Sindano alirudi kutoka hospitali alikokwenda kumtazama Breki, akakaa kwenye tairi bovu, akaniambia, "Mama, hii kabureta mimi naitoa." Nikamwambia asinitie wazimu. Akasema, "Injekta haina bakuli wala boya. Uilaze, uisimamishe, uipindue, yenyewe inapuliza tu." Tukaenda ofisini kwa Ndugu Mkurugenzi, mimi na yeye, tukaomba ruhusa. Nayakumbuka majibu neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake: "Fanyeni, mradi msinisumbue. Karatasi za nini kwa mambo madogo?"

Tukafanya. Injekta tuliipata kwenye pikipiki iliyogongwa, pampu ya petroli kwenye gari dogo lililooza nyuma ya stoo. Sindano akakata bamba la chuma kwa msumeno wa mkono, akalichonga meno thelathini na sita, kisha akang'oa moja makusudi, ili kompyuta ikikuta pengo ijue injini imefika wapi kwenye mzunguko wake. Na hiyo kompyuta unayoambiwa ni ya kisasa, aliichomelea kipande kwa kipande mwenyewe na kuifungia ndani ya kopo la biskuti. Leo kopo limepakwa rangi ya fedha. Kwangueni kidogo, mtaona picha ya biskuti.

Lakini kufunga vyuma ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kuifundisha ile mashine kiasi cha mafuta. Jumamosi kumi na saba, siku zetu za mapumziko, tulipanda mlima ule. Tunakwenda kidogo, tunazima ghafla, mimi nafungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, tunaitazama. Ikiwa nyeusi kama sizi, mafuta yamezidi, Sindano anapunguza. Ikiwa nyeupe kavu, yamepungua, anaongeza. Ikiwa na rangi ya ganda la mkate, anaandika namba kwenye daftari, tunasogea tena. Plagi ya injini iliyotoka kufanya kazi ni moto wa kweli, na glavu nene haziingii mle. Tazameni vidole vyangu hivi. Ndugu Mkurugenzi, hebu na wewe tuonyeshe vyako. Basi, si lazima, naona umevikunja.

Siku ya kuikabidhi mashine, Breki alikuja na magongo yake, akaizunguka, akauliza, "Choki iko wapi?" Sindano akamweleza kwamba haihitajiki, kopo linapima joto na kuongeza mafuta lenyewe. Breki akasema, "Mimi mashine isiyo na choki sipandi, na dereva mwenzangu hapandi. Mmenivunja mguu mmoja, mnautaka na wa pili?" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Sindano akachukua kile kishikio cha zamani, akakirudisha mahali pake, akaweka springi ndani ili ukikivuta kikuvute. Waya hakuufunga popote. Angeufunga wapi, na kabureta haipo? Tangu siku hiyo madereva wanavuta choki kila asubuhi na kuapa kwamba wanaisikia inafanya kazi. Kaka Breki, nisamehe, leo umejua.

Cheka, kaka, una haki ya kucheka. Wengine humu ndani naona hawacheki.

Mheshimiwa, ukiwatoa madereva, karakana nzima inajua habari ya choki ile. Mfagiaji anajua. Mtu pekee aliyesimama leo na kueleza jinsi alivyohangaika nayo ni yule aliyeandikwa kwenye cheti kwamba ndiye aliyeitengeneza.

Sasa mtauliza, Sindano yuko wapi? Hamumwoni kwenye viti, hamumwoni nyuma. Miezi miwili baada ya mashine kuanza kazi, walikuja wakaguzi wa stoo, wakakuta kabureta nzima kwenye pipa la vyuma chakavu, haina hati ya kuvuliwa. Wakauliza ni nani aliyeivua na kwa ruhusa ya nani. Wakapanda ofisini. Ndugu Mkurugenzi, kwa uso mkavu, akasema hana habari. Yakaandikwa maelezo: fundi huyu aliharibu mali ya Mamlaka bila idhini ya mtu yeyote. Ilibaki saini ya shahidi mmoja, mkuu wa karakana.

Mkuu wa karakana ni nani? Ni mimi. Karani aliileta karatasi nikiwa chini ya lori, na pamoja na karatasi akaleta maneno: "Mkubwa anasema, mama asitie neno, amebakiza mwaka mmoja atoke kwa heshima." Nilikuwa nimelala chali, mikono imejaa grisi. Nilimfikiria Sindano, nami nikajifikiria. Nikajifikiria zaidi. Nikanyoosha mkono, nikasaini kule kule chini ya lori bila hata kutoka, na kidole gumba kikaacha alama nyeusi kando ya jina langu. Sindano akamwaga unga wiki ile ile.

Ninyi mlionisifu hapa kwa saa nzima, mkaniita nguzo na mlezi, msinivishe kilemba cha ukoka. Mlezi gani anamtoa mwanawe kafara ili yeye apewe saa ya ukutani?

Na mashine, je, ilirudishiwa kabureta yake? Hata! Mali iliyoharibiwa iliendelea kupanda mlimani kila asubuhi, miezi kumi na minne sasa, haijazima hata mara moja. Maji mliyokunywa leo mezani yana dawa iliyopandishwa nayo. Lilipotangazwa shindano la ubunifu, ule uharibifu ukapigwa rangi, ukapewa jina jipya, ukapelekwa jukwaani na mtu mwingine.

Sindano sasa anachomelea redio na simu kwenye kibaraza cha duka la mkwewe. Ameomba kazi mara tatu, na mara tatu wameandika kwetu kuuliza tabia yake, na mara tatu wamejibiwa kwa karatasi yenye jina langu. Nilikuwa namkwepa. Nilikuwa nabadilisha njia ya kwenda sokoni. Mwezi uliopita akanikuta mbele ya mizani ya muuza vitunguu, sina pa kukimbilia. Nikajua sasa nitatukanwa mbele za watu, na moyoni nikaomba anitukane. Akasema, "Shikamoo mama." Akanipokea kikapu. Tukatembea. Alichoniuliza ni hiki tu: "Mama, Miguu Minne inatulia ikinguruma bila kuongezwa mafuta? Na umewaambia wasibonyeze kuwasha mpaka pampu imalize kuvuma? Wataiua betri." Nikamjibu nimewaambia. Nilifika nyumbani nikakaa na kikapu mapajani, mume wangu ananiita nisimsikie.

Mshereheshaji, nakuona unanionyesha saa. Miaka thelathini na mmoja nimekwenda kwa saa ya ofisi hii, leo ngoja yangu.

Ndugu Mkurugenzi, sijasema kwa kukuchukia. Umenisainia likizo za uzazi tatu ulipokuwa bado msaidizi, na nilipofiwa na mama ulikuja. Ndiyo maana inaniuma. Ungesema neno moja tu mbele ya wakaguzi, "niliruhusu mimi", ungepoteza nini? Na mimi ningesema neno moja, "alisikia, nilikuwepo", ningepoteza nini? Tumejitia hamnazo watu wawili wazima, akalipa mmoja ambaye kosa lake ni kutotaka mguu mwingine uvunjike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nawashukuru kwa saa ya ukutani na kwa friji. Nitavitumia, sitaki kuonekana mwenye kiburi. Lakini ombi langu si zawadi. Katika bahasha hii kuna maelezo mapya, nimeyaandika kwa mkono wangu: nani aliomba ruhusa, nani aliitoa, nani aliitengeneza ile mashine, na nani alisaini uongo akijua ni uongo. Pamoja nayo liko daftari la plagi, Jumamosi kumi na saba, tarehe na namba, kwa mwandiko wa Sindano. Naikabidhi kwako na si ofisini, kwa sababu najua karatasi za ofisini zinakolala. Nataka barua ya kumfukuza Sindano kazi ifutwe na mtu yule arudishiwe jina lake. Kama kwa haya nitanyang'anywa hiyo heshima niliyoahidiwa chini ya lori, ichukueni, haikunikaa hata siku moja.

Na msije mkasema kesho kwamba mama alikuwa na hasira za kustaafu, kwamba saini si yake. Asubuhi hii, kabla sijavaa gauni hili, nilipita karakana, nikachovya kidole gumba kwenye kopo la grisi, nikakibandika kando ya jina langu kwenye maelezo haya mapya, kama siku ile. Zichukueni karatasi zote mbili, mziweke pamoja, mlinganishe.

Asanteni kwa kunisikiliza, ninyi mliotaka na ninyi mliolazimika. Anayetaka kuiwasha Miguu Minne akitoka, asubiri pampu imalize kuvuma. Choki aiache.