Ufunguo wa Mulongwe

Marehemu Venuste Kashindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, akiwa mtoto wa pili wa seremala Mzee Kashindi. Mwaka huohuo baba yake alimaliza kujenga nyumba ya familia na kuitia kitasa kizito kilichotoka Bujumbura, pamoja na ufunguo mrefu wa chuma. Ufunguo huo tutaurudia, maana wengi wenu mmeuliza kwa nini Venuste anazikwa Maryland na si Uvira.

Alisoma shule ya msingi hapo Uvira, kisha akapelekwa Bukavu kujifunza ufundi wa chuma. Hesabu zilimpiga chenga hadi mwisho, lakini tupa ya kuchongea chuma aliielewa tangu siku ya kwanza. Alirudi nyumbani akafungua kibanda cha kutengeneza vitasa sokoni. Vita vilipoingia mwaka 1996, alifunga mlango wa baba yake, akatia ufunguo mfukoni na kuvuka ziwa kwenda Tanzania.

Katika kambi ya Nyarugusu alikutana na Anysie, wakafunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998. Anysie alikuwa akisema kwamba aliolewa na mtu asiye na nyumba, ila mwenye ufunguo. Mungu aliwajalia Jaël na Christophe.

Familia ilifika Alexandria, jirani na Maryland, mwaka 2010. Venuste alianza kwa kuegesha magari ya wageni wa hoteli, kazi ambayo haikumkaa hata kidogo. Baadaye alipata nafasi katika karakana inayotengeneza vitu vya milango ya nyumba za zamani: funguo, na vile vifuniko vidogo vya shaba vinavyoziba tundu la ufunguo, vyenye nakshi za maua na majani. Mwezi wa kwanza alipewa kifuniko cheusi cha miaka zaidi ya mia akikaze msumari tu. Yeye, kwa kuona aibu kumrudishia mteja kitu kichafu, akakisugua mpaka kikang'aa kama sufuria ya arusi. Mwenye nyumba nusura alie. Ule weusi ndio aliokuwa akiupenda. Venuste alishinda wiki mbili akikichafua upya kwa mvuke wa siki na chumvi, na tangu hapo hakusugua kitu bila kuuliza. Alifanya kazi hapo hadi alipougua.

Mwaka 2019 walinunua nyumba ya zamani karibu na College Park, hapa Maryland. Hata hivyo, ufunguo wa Mulongwe haukutoka mfukoni. Kila mtu alijua kwamba siku moja atarudi kufungua mlango wake.

Mafuriko ya mwaka 2020 yalipopita Uvira, mdogo wake Darius alimtumia Anysie picha kwa simu. Nyumba ya Mulongwe haikuwepo. Palibaki matope na mawe. Anysie, akihofia presha ya mumewe, aliificha picha na kumwomba Darius anyamaze. Alibeba siri hiyo miaka minne, na ilimuumiza sana, hasa kila alipomwona Venuste akihamisha ufunguo kutoka suruali moja kwenda nyingine.

Mwezi Mei 2024 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo. Nguvu zilipoanza kupungua, ndugu walianza kuzungumzia kumsafirisha Uvira akazikwe huko. Jioni moja Anysie alimkuta Venuste mezani na kitasa cha zamani alichokifumua. Siku zote ufunguo huchongwa ufuate kitasa. Yeye alikuwa akichonga matumbo ya kitasa yaufuate ufunguo wa baba yake.

"Mama Jaël," alisema bila kuinua macho, "ile nyumba haiko tena. Nilijua tangu zamani. Ile foto niliiona ku telefone yako, wiki ileile."

"Na ulinyamaza?"

"Niliona unapata amani ukifikiri sijui."

Anysie alilia, kisha akamshikia taa. Kitasa kilitiwa kwenye mlango wa mbele wa nyumba yao, na juu ya tundu kikawekwa kifuniko cha shaba kipya, hakijasuguliwa. Jaël aliuliza, "Daddy, hiyo lock iki-break, nani ata-fix?" Baba yake alijibu kwamba hilo si shida ya leo. Akamgeukia mkewe: "Munizike hapa. Kule sina mulango."

Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025. Ameacha mjane, Anysie. Watoto, Jaël na Christophe. Mjukuu mmoja, Uwase. Na mdogo wake, Darius, aliyeko Uvira.

Baada ya maziko wote mnakaribishwa nyumbani. Tafadhali msipitie mlango wa jikoni kama mlivyozoea. Mama Jaël atafungua wa mbele, kwa ufunguo wa Mulongwe.

Venuste apumzike kwa amani. Amefika kwake.