Verlyn Halvorsen, Aliyewafundisha Wenzake Kujiinua

Verlyn Arne Halvorsen alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Phillips, Wisconsin, mtoto wa pili wa Arne na Gudrun. Alibatizwa katika kanisa hili hili, na mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo hakulia. Alitulia tu, akimkodolea macho mchungaji.

Alimaliza sekondari hapa Phillips mwaka 1979, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha mbao, akawa fundi wa misumeno kwa miaka thelathini na mitano. Tarehe 7 Juni 1986 alimwoa LaVonne Pribyl. Walijaliwa binti mmoja, Kirsten.

Kila Novemba Verlyn aliwinda kulungu, na hakuna aliyemshinda kwa kutulia. Shemeji yake Duane husema kwamba ndege aliwahi kutua kwenye bunduki yake, akajisafisha manyoya, akaondoka bila haraka.

Tarehe 22 Novemba 2014, siku ya kwanza ya msimu, mkanda wa usalama ulikatika, akaanguka kutoka kwenye jukwaa lake la kuwindia juu ya mti. Uti wa mgongo ulivunjika, naye hakuhisi tena chochote kuanzia kitovuni kwenda chini.

Hospitalini Milwaukee, muuguzi Rosalind Teague alimfundisha jambo ambalo sote tulipaswa kufundishwa. Mwili usiohisi haulalamiki. Ukikaliwa mahali pamoja kwa muda mrefu, damu haipiti, nyama inaoza kimyakimya, na kidonda huanzia ndani. Kwa hiyo, kila robo saa ainame mbele au ajiinue kwa mikono, atulie hivyo mpaka damu ipite. Asubuhi na jioni ajikague kwa kioo. Akiona wekundu usiofifia, asipakalie tena mpaka ufifie.

Verlyn alibisha wiki nzima, kisha akaelewa, na akielewa jambo hakuliachia. Alirudi Milwaukee kila mwezi kuwafundisha waliovunjika mgongo karibuni. "Makalio yako hayana simu tena," aliwaambia. "Usipoyapigia wewe, hayatakupigia." Curtis Lindahl, aliyepinduka na pikipiki ya theluji akiwa na miaka ishirini na mbili, alimjibu, "Mzee, mimi nimekuja kujifunza kutembea." Verlyn akasema, "Utajifunza kukaa kwanza. Kukaa ndiko kunakoua."

Alilijua somo hilo kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Ndiyo maana ni vigumu kuyaandika yanayofuata bila hasira.

Tarehe 18 Novemba 2023 Duane nasi wengine tulimbeba hadi kwenye kibanda cha kuwindia. LaVonne alimwambia mlangoni, "Ujiinue, Verlyn."

"Kulungu ana macho, LaVonne."

"Hata mimi ninayo."

Alikaa tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kutikisika. Duane, aliyekuwa bega kwa bega naye, hakumkumbusha, kwa sababu kibandani mtu haongei. Verlyn akaangusha dume lenye pembe za ncha kumi. Tulimpigia makofi, tukapiga picha. Hakuna aliyeuliza alikuwa amekaa vipi.

Jioni hiyo LaVonne aliona kwenye kioo doa jekundu, pana kama kiganja. Alilibonyeza, halikufifia. "Kesho unalala kifudifudi," alisema.

"Msimu ni siku tisa tu. Nitalala ukiisha."

Kesho yake alirudi kibandani, na keshokutwa yake. Nasi ndio tuliombeba. Msimu ulipoisha, doa lilikuwa shimo. Januari maambukizi yaliingia kwenye mfupa, kisha kwenye damu. Verlyn alifariki tarehe 9 Februari 2024, LaVonne akiwa amemshika mkono.

Watu wamesema katika siku hizi kwamba saa yake ilikuwa imefika. Haikuwa imefika. Alihitaji kulala kitandani wakati kulungu wanapita, na alihitaji rafiki mmoja wa kunong'ona, "Jiinue, wacha aende." Somo alipewa yeye peke yake. Sisi tuliombeba hatukuwahi kuitwa darasani, wala hatukuomba kuitwa.

Verlyn ameacha mke, LaVonne; binti, Kirsten, na mumewe Todd; wajukuu wawili, Annika na Leif; dada yake, Marlys; shemeji yake, Duane; wapwa zake, ambao mmoja wao ndiye anayesoma haya; na wanafunzi wake wa Milwaukee, ambao Curtis ndiye wa mwisho kufundishwa naye.

Curtis, tunakufahamu. Umekaa hapo mbele bila kutikisika tangu wimbo wa kwanza, kwa heshima. Jiinue. Hapa hakuna kulungu. Sote tutasubiri mpaka damu ipite, ndipo tumpeleke makaburini.

Mungu amlaze Verlyn kwa upole. Yeye sasa anaruhusiwa kutulia.