Kibao cha Daktari Chepchumba

Katika gari la kutoka Rongai kwenda Nakuru, msichana aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata kibao kipya kilichoandikwa "Dkt. Chepchumba, Refleksolojia." Mzee aliyekuwa kando yake alikisoma polepole.

"Daktari wa nini, madam?"

"Nakanda nyayo, mzee. Kila sehemu ya unyayo ina kiungo chake mwilini."

"Ulisoma miaka mingapi?"

"Miezi mitatu. Cheti niko nacho."

"Hata daktari wa ng'ombe wangu alisoma zaidi." Abiria mmoja alicheka. Mzee mwenyewe hakucheka.

"Wateja ndio hunipa hilo jina," alisema Chepchumba. "Nikiandika mkandaji, watadhani ni saluni. Na hakuna mtu amewahi kutuambia tujiite nani."

Nilifikiri hilo huenda ni kweli.

"Mke wangu ana sukari," mzee alisema. "Kidole cha mguu kimekuwa cheusi. Anakandwa na mwenzako, na hospitali hataki. Anasema daktari ameshamwona."

Chepchumba alikigeuza kibao, maandishi yakaelekea magotini. "Mguu kama huo haukandwi, mzee. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza. Apelekwe leo."

"Mimi hanisikii." Alikuwa ameshapiga simu, akamnyooshea. "Mwambie wewe. Na useme ni daktari."

Tulikuwa tukiingia stejini. Chepchumba aliipokea simu.

"Mama, ni Daktari Chepchumba," alisema kwa sauti ndogo. "Usikandwe tena. Nenda hospitali leo."

"Ndiyo, daktari," tulimsikia mama akiitikia kwa unyenyekevu, na gari likasimama.