Dada kwa Uzi na kwa Buni: Maisha ya Nayna Solanki wa Kamachumu

Ndugu wafiwa, majirani wa Kamachumu, wageni wetu mliotoka Bukoba mjini na Ijuganyondo, walimu wenzangu, na ninyi nyote ambao shati au sketi mliyovaa leo ilipita chini ya sindano ya marehemu, naomba mnisikilize kwa utulivu, na anayetaka kunung'unika anung'unike akiwa amekaa. Kwenye ratiba mliyogawiwa, baada ya jina langu, Mwalimu Evarist Kahangwa, pameandikwa "jirani wa marehemu", nami nimeyakata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, kama ninavyokata jibu lisilo sahihi kwenye daftari la mwanafunzi, na juu yake nimeandika "kaka". Ninasoma historia hii nikiwa msemaji wa familia, kwa ridhaa ya mume wake na kwa amri ya mama yangu mzazi, na kabla sijamaliza mtajua undugu huo ulitoka wapi.

Marehemu Nayna alizaliwa tarehe 14 Machi 1990 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Junagadh, jimbo la Gujarat, nchini India, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mansukh Parmar, fundi cherehani, ambaye sasa ni marehemu, na Mama Hansa, ambaye yuko hai na tangu Jumanne amekuwa akilia pamoja nasi kwa simu. Alianza shule ya msingi mwaka 1996, akaendelea na masomo hadi mwaka 2006 alipofaulu mtihani wa darasa la kumi, na kwa kuwa baba yake hakuweza kuwasomesha watoto watano hadi chuo, alikaa naye kwenye cherehani miaka sita, akajifunza kukata kitambaa kwa jicho tu, bila kuchora, jambo ambalo wengi wenu mlidhani ni majivuno mpaka mlipovaa nguo zikawatosha. Wanakwaya wa sauti ya nne ndio peke yao waliolalamika kwamba aliwabana kiunoni, na ukweli ni kwamba walipimwa kabla ya Krismasi wakaja kuchukua baada ya Krismasi.

Tarehe 9 Desemba 2012 alifunga ndoa na Bwana Bhavin Solanki, huyu shemeji yangu aliyekaa hapa mbele na mtoto mapajani, na tarehe 21 Juni 2014 wakafika Bukoba, ambako Bhavin alikuwa amepata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi la ndugu yake wa mbali. Waliishi chumba cha nyuma ya duka, madebe ya rangi upande mmoja na kitanda upande wa pili, wakipika kwa zamu na familia nyingine mbili, na mimba yake ya kwanza iliharibika humo mwaka 2015. Alikuwa akisema kwamba wakati ule alijua Kiswahili cha misumari na mabati tu, maana kila aliyezungumza naye alikuwa amekuja kununua na kuondoka. Tarehe 10 Februari 2016 wakahamia hapa Kamachumu kushona sare, kwa sababu rahisi kwamba hapa shule ni nyingi na watoto hawaachi kukua, wakapanga fremu ya mama yangu, Mama Kokuhirwa, mjane na mkulima wa kahawa, ambayo inapakana na kibanja hiki, shamba lake la migomba na kahawa, tulichokaa.

Siku ya kwanza mama alimkaribisha kwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote wa heshima, naye akashukuru kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kuichemsha kwa maziwa na tangawizi, akarudi na birika, na mama akanywa kikombe kizima bila kukunja uso, kisha akaniambia kwa Kihaya kwamba huyu binti hajafundishwa kitu lakini ana adabu.

Sasa nifike kwenye uzi. Kwao, mara moja kwa mwaka, dada humfunga kaka yake uzi mkononi, na kaka akishafungwa amekubali kusimama na dada huyo katika lolote litakalompata, na kwa kuwa kaka zake walikuwa mbali, siku ya Alhamisi tarehe 18 Agosti 2016 aliniita dukani, akanifunga uzi mwekundu wenye shanga ya kung'aa, akanilisha kipande cha kitu kitamu alichokipika mwenyewe, nami nikaenda nyumbani nimefurahi. Ninyi ni Wahaya wenzangu, mnajua mama anafikiri nini akimwona mwanawe wa miaka thelathini, ambaye hajaoa, amerudi na uzi mwekundu mkononi na utamu mdomoni, vyote kutoka kwa mke wa mtu. Mama alisema limbwata, akachukua wembe, akaukata ule uzi, akautupa chooni, na kwa wiki tatu hakumsalimia mpangaji wake, na mimi, mwalimu mzima, niliyejua maana ya uzi ule kwa sababu nilielezwa, nilinyamaza kwa kumwogopa mama. Jambo hilo linaniaibisha mpaka leo, na ni sababu mojawapo ya mimi kutonyamaza hivi sasa.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilipotikisika mkoa mzima wa Kagera, mama alikuwa jikoni na maharage yake, na Nayna akatoka mbio dukani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akaingia nyumba ya mtu asiyemsalimia, akamvuta kwa mkono hadi nje, na ukuta ukaangukia mafiga. Siku kumi na moja tulilala wote chini ya turubai hapa kibanjani, ndugu zake wakipiga simu kutoka India kwamba arudi, naye akiwajibu kwamba hata huko nyumba huanguka, na ni chini ya turubai hilo mama alipouliza, kwa mara ya kwanza, ule uzi ulikuwa wa nini. Alipoelezwa hakusema pole, kwa maana mama yangu si mtu wa kusema pole, bali aliinuka akachuma tunda moja bivu la kahawa, akalipasua, akatoa zile punje mbili zilizolala pamoja, moja akampa Nayna na moja akanipa mimi, akasema tumeze.

Wazee mnaujua omukago, undugu wa kumeza buni, ambao zamani ulifanywa kwa damu, lakini mama hakutaka damu kwa kuwa ni Mkatoliki, na Nayna hakuitaka kwa kuwa, pamoja na sindano zote alizoshika maishani, alikuwa akiona damu anazimia. Mzee wetu Lameki, ambaye yupo hapa na ninamwamkia kwa heshima zote, alisema siku ile kwamba omukago ni jambo la wanaume, na mama akamuuliza kahawa hiyo nani aliipanda, nani aliipalilia na nani aliichuma, na ni miaka tisa sasa tunasubiri jibu la mzee. Kisha mama akaagiza nifungwe uzi mwingine, na kila Agosti tangu hapo nimefungwa.

Baada ya mimba nyingine kuharibika mwaka 2017, tarehe 5 Oktoba 2018 marehemu alijifungua salama binti, Jiya, ambaye mama yangu alimpa na jina lake, hivyo cheti chake cha kuzaliwa kinasomeka Jiya Kokuhirwa Solanki. Kitovu chake kilipodondoka, mama alikichukua akakizika kwa desturi yetu chini ya mgomba ule mnaouona nyuma ya jiko, mgomba ambao ulishazaa ukakatwa, mwanae akazaa akakatwa, na sasa amesimama mjukuu. Mtoto huyu amekulia chini ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya kaki na bluu, akizungumza Kigujarati na mama yake, Kihaya na bibi, Kiswahili na wateja, na kumsahihisha baba yake katika lugha zote tatu. Asubuhi mama yake alimpaka mafuta kichwani na kumsuka akiwa ameshika pini mdomoni, Bhavin akiwasha ubani mbele ya picha za miungu yao na redio ikisoma habari, na nyumba nzima ikinukia chapati mpaka barabarani. Marehemu hakula nyama maisha yake yote, lakini msimu mmoja wa senene alimkuta Jiya jikoni kwetu, mashavu yamejaa, miguu ya senene imebaki kwenye midomo, tukasimama wote tukingoja ghadhabu, naye akauliza tu kama mtoto alinawa mikono.

Januari mwaka huu Jiya alipoanza darasa la kwanza katika shule ninayofundisha, mzazi mmoja alimuuliza marehemu kwa nini asimpeleke mjini kwenye shule ya watu wa aina yake, naye akajibu kwamba ameshona sare ya shule hiyo miaka tisa, hawezi kuogopa kumvalisha mwanawe.

Mwezi Februari 2024 alianza kuhisi uvimbe katika titi la kushoto, akapelekwa Mwanza ambako iligundulika kuwa ni saratani, akafanyiwa upasuaji tarehe 3 Mei 2024 na kuendelea na matibabu hadi Desemba, nywele zikamtoka, akafunga kilemba cha kitenge cha sare ya kwaya na kuwaambia wanakwaya kwamba sasa wamempata mwimbaji asiyejua wimbo hata mmoja. Desemba hiyo hiyo alimaliza sare zote za muhula akiwa amekalia mto. Mwezi Julai mwaka huu ugonjwa ulirudi ukiwa umefika kwenye mapafu, akalazwa Bukoba, na Jumamosi tarehe 9 Agosti, ambayo ilikuwa siku ya uzi, vidole vyake havikuwa na nguvu ya kukaza fundo, hivyo Jiya alilikaza kwa maelekezo ya mama yake, na ndio huu uzi mnaouona. Siku hiyo, mbele ya mume wake, mama yangu, mimi, na Nuriat aliyeshona naye miaka sita, alisema kwamba Jiya abaki hapa asome hapa, likizo aende kumwona bibi yake India, na kwamba majivu yake yagawanywe, sehemu iende majini kama dini yake inavyotaka, na sehemu iwekwe pale kilipowekwa kitovu cha mwanawe. Alifariki dunia Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, na Alhamisi mwili wake uliteketezwa kwa moto huko Bukoba kwa taratibu za imani yake.

Ndugu zangu, Jumatano kwenye kikao tuliambiwa kwamba jamaa mmoja wa Bhavin wa mjini ameshamkatia Jiya tiketi ya ndege ya kwenda India tarehe 24, bila kumuuliza baba yake, na Mzee Lameki akaunga mkono akisema mtoto wa Kihindi ana kwao, na kwamba majivu hayazikwi kibanjani, wala mtu hawekwi mahali pawili. Nilikasirika, na bado nimekasirika, na sitaficha. Kuhusu kibanja, hiki si cha ukoo, mama alikinunua mwenyewe na hati ina jina lake, na ameshasema. Kuhusu kwao, mzee wangu, wewe ndiwe uliyetufundisha sisi watoto wa hapa kwamba mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake, sasa ulitufundisha kweli au ulitudanganya? Kuhusu mahali pawili, dada yangu alipendwa mahali pawili, sioni ajabu akilala mahali pawili. Na wewe Mama Hansa, unayetusikia kwenye simu ya Bhavin, na utatafsiriwa, hatukunyang'anyi mjukuu, tunajua umepoteza binti, Jiya atakuja Desemba na atakaa nawe likizo yote, lakini Januari atarudi darasani kwangu.

Jana tulimwaga sehemu ya majivu ziwani, na Bhavin, ambaye siku nzima ya kikao hakufungua mdomo hata nikaanza kumwogopa, aligeuka akiwa na maji magotini, akamwambia jamaa yule airudishe tiketi, kwa sababu Jumatatu mtoto anakwenda shule.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Bukoba waliomhudumia, Nuriat ambaye tangu Jumanne amekuwa akimlisha na kumwogesha Jiya, jumuiya yetu ndogo ndogo iliyosali kwa ajili ya mtu asiye wa dini yake bila kuulizwa, wanakwaya waliokuja na sare zinazobana, walimu wenzangu, na majirani wote mliopika, mliochota maji na mliokaa tu kimya na sisi. Ninamshukuru pia Mzee Lameki, kwa kuwa asubuhi hii nimemkuta nyuma ya jiko, koti amelivua, anachimba.

Uzi huu nitauvaa mpaka ukatike wenyewe, na Agosti ijayo Jiya atanifunga mwingine, hapa hapa Kamachumu, na yeyote anayetaka kuukata aje mchana na wembe wake, apite kwanza kwa mama yangu, naye atamsimulia yaliyompata aliyeukata wa kwanza.

Nayna, dada yangu, shimo liko tayari na mwanao yuko kwao, pumzika.