Kambi Imebaki Tupu

Asubuhi ile benchi la kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, lilijaa mapema, ila utani haukuwepo. Alfajiri askari wote wa kambi ya bandarini walikuwa wamepandishwa meli na kupelekwa bara. Kisiwa kilijitawala kwa kila jambo isipokuwa ulinzi. Huo ulikuwa wa nchi nzima, nacho kisiwa kikichangia gharama. Juma lililopita, baraza la kisiwa lilikataa kuongeza mchango. Mama Kahawa alimimina kahawa vikombeni. Kifungua mimba wake, askari, alikuwa ndani ya meli ile.

— Wametususa, alisema Kinyozi. Hatuongezi mchango, hatulindwi.

— Kususa wapi! Redio, aliyeitwa hivyo kwa kutangaza hata asiyoyasikia, alishusha sauti. Wamewaachia njia maharamia. Tukishaporwa, tutalipa wenyewe huku tunalia.

— Maharamia waje kupora nini kwangu? Nywele?

Kinyozi alicheka peke yake.

— We cheka tu. Kisiwa kishauzwa, kaka. Wanunuzi wanayo ramani, mpaka choo chako kimo.

— Ndiyo maana! Fundi Viatu alidakia. Jana jioni nimeona taa tatu baharini. Zinawaka, zinazimika. Wanatuhesabu wale!

Mama Kahawa akamwaga kahawa mezani. Fundi Viatu alijiona mjinga. Akampokea Mama Kahawa birika, akafuta meza kwa kitambaa chake, kisha akammiminia yeye kwanza.

— Kaa, dada. Haya ni maneno ya benchini tu. Mwanao yuko na wenzake.

Alikaa. Kikombe hakukigusa.

Hapo akafika mkwewe, mke wa yule askari, mtoto mgongoni, simu mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Mama Kahawa. Kuna habari?

— Baba Mtoto ameniandikia. Wamegawiwa risasi. Kesho wanarudishwa huku.

— Si nilisema! Kinyozi aliruka. Wanarudi kutulinda!

— Hawakuambiwa hivyo, baba. Wameambiwa baraza letu limeasi.

Redio aliweka kikombe chini.

— Sasa nauliza, wazee wangu, maana nyie mnajua mengi. Kesho akishuka bandarini, nimpelekee mtoto wake amwone, au nimfiche?

Kinyozi alitazama miguu yake. Fundi Viatu akakunja kitambaa kilicholowa, akakikunja tena. Mama Kahawa alimfungua mjukuu mgongoni mwa mamaye, akampakata, akamziba masikio kwa viganja vyote viwili, ingawa hakuna aliyekuwa akisema neno.