Mafundo ya Pavlina

Tarehe 28 Februari, siku moja kabla ya watu kuvishana nyuzi nyekundu na nyeupe za Machi, desturi yetu ya kutakiana afya, Pavlina Dimchova anastaafu. Amelitumikia shirika letu, Pumzi ya Kwanza, kwa miaka thelathini na mmoja, akiwa mkunga wetu wa vijijini. Kazi yake ilikuwa moja: watoto wasizaliwe kabla ya wakati, na wakizaliwa njiti, wapone.

Mimi, Kiril, dereva wake kwa miaka ishirini na minane, nimeombwa kuandika haya kwa sababu eti ndiye ninayemjua. Ninachokijua zaidi ni maganda ya alizeti. Amebangua mbegu garini mwangu tangu siku ya kwanza, na hata gari hili la tatu hutema maganda kila nikifunga breki.

Majira yangu ya kwanza ya baridi yalikuwa mabaya. Wanawake wa vijiji vyetu hawataji miezi ya mimba. Mama mkwe humwonya mkaza mwana: ukihesabu kwa sauti, jicho la husuda linahesabu pamoja nawe. Basi wanapunguza. Zlatka wa Gorna Lipnitsa, msichana wa miaka ishirini, alipunguza wiki sita, na Pavlina akaandika kwenye kadi alichoambiwa.

Uchungu ulipomshika, tulimkimbiza hospitali kwenye theluji. Daktari akasoma kadi: wiki ishirini na tatu. Kwa hesabu za siku zile, huyo hakuwa wa kuwekwa kwenye mashine ya joto. Mtoto wa kike akapumua mezani kwa muda wa saa moja na robo, mpaka muuguzi mmoja alipotazama kucha zake, akashtuka kuona zimekomaa kuliko kadi ilivyosema. Alikuwa wa wiki ishirini na tisa. Hapo muda ulikuwa umekwisha; mtoto akafa.

“Mimi ndiye niliyemwambia apunguze,” mama mkwe alisema kwenye korido. “Nilikuwa namlinda, jamani.”

Pavlina hakumlaumu. Naye, alipobeba mimba yake, alimdanganya mkunga wake vivyo hivyo. Alijua wanadanganya, akaandika. Kwa hilo hajawahi kujisamehe, na kila mkunga mpya humsimulia siku ya kwanza kazini, kabla hata ya kumwonyesha choo kilipo.

Baada ya hapo akaja na uzi. Kila mjamzito alipewa uzi mwekundu wa sufu afunge fundo moja kila wiki, kuanzia damu yake ya mwisho, bila kusema neno. Kina mama wakwe hawakuwa na la kupinga, maana wenyewe wanaamini uzi mwekundu hukinga husuda. Pavlina aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni ya mjamzito, uzi ulimofichwa, akahesabu kwa vidole, akaandika. Daktari mmoja alimcheka: “Sasa Pavlina, hapa ni hospitali au ni kwa mfuma soksi?” Mwaka uliofuata alikuwa akiuliza uzi kabla ya kadi.

Kwa uzi huo alijua wiki ya kuwapima mkojo, akawagundua mapema wenye maambukizi na kuwatibu. Aliwatoa wengine kwenye kubeba marobota ya tumbaku, huku akigombana na waume zao hadi sauti ikamkauka. Wengine tuliwafikisha mjini kwa wakati, wakachomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Si watoto wote waliopona. Makaburi madogo anayajua yote kwa majina, na majina mengine alikuwa ameyatoa yeye.

Miaka yote hiyo, tukipita mbele ya geti la Zlatka, mbegu zilinyamaza. Hakuwahi kuniambia nisimame, nami sikuuliza. Zlatka naye hakuwahi kutoka.

Alhamisi iliyopita, katika safari yetu ya mwisho, Zlatka alikuwa amesimama katikati ya barabara. Nilifunga breki, maganda yakamwagika. Alikuja dirishani na uzi mwekundu uliofifia, akauweka kwenye kiganja cha Pavlina. Ulikuwa na mafundo ishirini na tisa. Alikuwa ameyafunga mwenyewe, mwaka ule ule, aliposikia wenzake wamepewa nyuzi.

“Dada Pavlina,” alisema, “uongo ule niliusema mimi. Umeubeba peke yako muda mrefu mno. Leo nipe nusu yangu.”

Pavlina alilia hadi tukafika lami, nami nililia naye, nikiendesha vibaya.

Ahsante, Pavlina, kwa niaba ya wote waliofika wiki ya arobaini. Kaa nyumbani, panda nyanya zako, ulale usingizi mzito. Kuhesabu tuachie sisi.